Land Rover ya zamani: umepiga rangi chini ya boneti na sasa inabanduka, inatoa vipovu au gari haiwaki

Mbukwenyi wadau. Hii ni kwa wale wenye Land Rover Series III, iwe 109 (ile ndefu) au 88 (ile fupi), mnaotaka chini ya boneti parudi kama gari ilivyotoka kiwandani, na mmeshajaribu mara moja au mbili na kazi ikaharibika. Mimi nina 109 ya petroli ya mwaka 1978, ilikuwa ya baba mdogo, ndiyo iliyokuwa inabeba zabibu kutoka Hombolo kuja Dodoma mjini, na chumba chake cha injini nimekirudia mara tatu mpaka kikakaa sawa. Kwa hiyo karibu kila tatizo lililopo hapa chini nimelishika kwa mkono wangu.

Kabla hatujaanza kutafuta ugonjwa tukubaliane kitu kimoja, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Original sio kung'aa. Hizi gari zilitengenezwa 1971 mpaka 1985 kwa ajili ya shamba na porini, na kiwandani kila kitu kilikuwa na sura yake: fayawoli (ule ukuta kati ya injini na abiria) na upande wa ndani wa mabawa ni rangi ileile ya bodi, injini ina rangi yake, rejeta nyeusi isiyong'aa, menifoldi ya ekzosi ni chuma tupu, bolti na nati zina zinki, na vile vyuma vya mabati kama bampa la mbele havikupigwa rangi kabisa. Sasa mtu anachukua spreyi ya silva anapuliza kuanzia kabureta mpaka mipira ya maji, afu anapaka mafuta juu ili ing'ae, hapo hujarudisha kitu, umefunika. Na ukifunika, baada ya miezi miwili vyote ulivyofunika vinatoka nje vyenyewe.

RANGI INABANDUKA VIPANDE VIZIMA KAMA GANDA LA KITUNGUU

Usikimbilie kupiga nyingine juu. Chukua kipande kilichobanduka, kigeuze, kiangalie mgongoni kwenye mwanga wa jua. Hicho kipande kitakwambia kila kitu.

Kama mgongo ni praima na chuma kimebaki kitupu, basi praima haikushika chuma. Kama praima imebaki kwenye chuma na kilichotoka ni rangi ya juu peke yake, basi praima ilikaa siku nyingi ikawa ngumu na hamkuipiga msasa kabla ya rangi, hapo dawa ni ndogo tu, msasa namba 400 na maji, futa, piga upya. Na ukikisugua mgongoni kwa kidole ukahisi utelezi, hayo ni mafuta, na hili ndilo kubwa kuliko yote.

Tuko wengi tunaosafisha injini kwa mafuta ya taa au dizeli, na sio kosa, yanatoa grisi ya miaka arobaini vizuri sana. Kosa ni kuishia hapo. Mafuta ya taa yenyewe ni mafuta, yanaacha utando, na bloku ya hii injini ya 2286 cc ni chuma cha kusubu, kina vinyweleo vinavyonyonya, kwa hiyo unaona kimekauka kumbe ndani bado kimelowa, siku injini ikipata moto mafuta yanatoka taratibu yanasukuma rangi. Baada ya mafuta ya taa lazima ije sabuni na maji ya moto, sugua kwa brashi, suuza, rudia, mimi narudia mara tatu, halafu ndo thina kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Na tafadhali petroli usitumie kuoshea, hasa kwenye gereji yenye watu wanachomelea pembeni, mvuke wake unatambaa chini mbali sana kabla haujakutana na cheche.

Kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya: mwagia maji safi sehemu uliyosafisha. Yakitandaza kama shuka, pako safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni.

Ila pia angalia juu. Kama gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja, hata usafishe vipi, oili itashuka ubavuni kila siku na rangi ya bloku itaanza kulainika upande huo huo. Funga mvujo kwanza, rangi baadaye. Nimeona watu wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha.

Sasa kama inayobanduka ni ya kwenye mabawa na sio ya kwenye bloku, chukua sumaku. Isiposhika, hiyo ni alumini. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni aloi ya alumini inayoitwa Birmabright, wakati fayawoli na chesisi ni chuma. Praima ya kawaida ya chuma haing'ang'anii alumini, inakaa juu tu kama karatasi. Alumini inataka praima yenye asidi, ile inayong'ata, inapigwa koti jembamba sana mpaka unakaribia kuona alumini chini yake, kisha ndo praima ya kawaida na rangi. Na isugue kwa dodoki la kijani au msasa, usitumie brashi ya waya ya chuma, kwa sababu vipande vidogo vya chuma vinajichomeka kwenye alumini na kila kimoja kinakuja kuwa doa la kutu au kipovu baadaye. Kupiga mchanga hizo bati nyembamba pia hapana, zinapinda na hazirudi.

Kitu kingine cha alumini ni kostiki soda. Kuna fundi mmoja nilimwachia kabureta yangu, ile Zenith 36 IV, nikamwambia aisafishe tu nje, yeye akaichemsha na kostiki pamoja na mabano ya alteneta. Nilivyorudi jioni kabureta ilikuwa nyeusi tii, uso wake umekuwa na mashimo kama mkate, na pale inapokutana mwili wa juu na wa chini pameliwa kiasi kwamba hapawezi kuzuia hewa tena. Kostiki inakula alumini na inakula aloi ya zinki ambayo kabureta hizi zimesubiwa nayo. Niliumia sana kwa sababu ilikuwa ile ya kwanza kabisa ya gari. Kabureta safisha kwa dawa ya kabureta na brashi laini, iache na rangi yake ya kijivu iliyopauka, hiyo ndiyo original yake, usiipige silva.

VITUNDU DUARA KAMA MACHO YA SAMAKI

Unapuliza rangi, inakimbia yenyewe, inaacha duara dogo ambalo unaona chini. Hiyo ni silikoni, na karibu kila mara imetoka kwenye ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi ambayo vijana wa kuoshea magari wanapuliza mpaka kwenye injini. Usiongeze rangi ukidhani itajaza, haitajaza, itakimbia zaidi. Acha ikauke kabisa, piga msasa mpaka chini ya vitundu, futa kwa dawa ya kutoa nta na silikoni kwa vitambaa viwili, kimoja kinachopaka na kingine kikavu kinachofuta papo hapo kabla haijakauka. Ukitumia kitambaa kimoja unahamisha silikoni kutoka hapa kwenda pale. Na hayo makopo ya kung'arisha yatoe kabisa kwenye eneo unalopigia rangi.

USO WA RANGI UNAKWARUZA KAMA MSASA

Hapa Dodoma hili linatupata sana na lina sababu mbili zinazofanana, inabidi uzitofautishe. Pitisha ukucha wa kidole gumba. Kama ni chembe moja moja zimetawanyika na katikati ni laini, ni vumbi. Kama eneo zima linakwaruza, limepauka, hasa kwenye kona na nyuma ya fayawoli ambapo mkono haufiki vizuri, hiyo rangi imekauka hewani kabla haijatua.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu, jua kali, upepo unazoa vumbi jekundu kutoka kila kiwanja kinachojengwa kuanzia Nkuhungu mpaka Kisasa. Ukichanganya rangi na thina ya haraka saa sita mchana, matone yanafika kwenye bati yakiwa unga. Tumia thina ya taratibu, mwambie muuzaji unataka ya sehemu ya joto, sogeza bunduki iwe karibu sentimita 15 mpaka 20, na piga saa kumi na mbili au saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Mimi naloweka sakafu maji jioni yake, naloweka tena alfajiri, na natundika shuka zilizolowa upande wa upepo. Makoti mawili matatu membamba, na kati ya koti na koti subiri dakika 10 mpaka 15. Koti moja nene litamwagika machozi na ndani litabaki bichi.

Kama unatumia rangi za 2K, zile za kuchanganya na hadina, hizo zina isosayaneti, moshi wake unaharibu mapafu na mwili wako ukishaanza kuukataa hutaweza hata kukaa karibu nazo. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Tafuta maski inayoletewa hewa safi kwa bomba, filta peke yake sio za kutegemea, na piga sehemu yenye hewa. Naomba hili mlichukulie kwa uzito wake.

WEUPE WEUPE UMETOKEA

Swali la kwanza, umetokea lini?

Umetokea wakati rangi inakauka, inakuwa kama ukungu wa maziwa? Hapo ulipiga rangi ya NC, ile inayokauka haraka kwa thina kuruka bila hadina, wakati wa unyevu, na kwetu ni msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, hasa jioni baada ya mvua. Thina inapokauka inapoza bati, unyevu unaganda ndani ya rangi. Mara nyingi ukisubiri siku kavu ukapuliza pazia jembamba la thina ya taratibu ukungu unapotea.

Umetokea baada ya kuosha? Basi ni maji yetu. Maji ya visima vya Makutupora tunayajua, angalia tu birika la nyumbani kwako ndani lilivyo. Ukiosha injini ikiwa ya moto maji yanakauka papo hapo na kinachobaki ni chokaa na chumvi, kinakaa kwenye kila kona ya bolti na chumvi inaita kutu. Dondosha tone la siki, likichemka povu ni chokaa. Futa na siki iliyopunguzwa kwa maji, suuza haraka hasa kwenye alumini. Suuza ya mwisho, kabla ya rangi, fanya na maji ya mvua uliyokinga au maji yaliyotoneshwa (distilled) ya dukani yale yanayouzwa kama maji ya betri, ila soma kopo vizuri usije ukabeba asidi ya betri kwa kufanana majina. Chupa tatu za lita moja zinatosha chumba kizima.

Umetokea wenyewe, unga mweupe kwenye mstari wa bolti au pembeni ya bati, ukifuta unarudi baada ya wiki? Hiyo ni kutu ya alumini na ina sehemu yake hapa chini.

VIPOVU KWENYE MSTARI WA BOLTI NA PEMBENI

Hapa ndo kuna ugonjwa wa asili wa Land Rover, hata ungekuwa fundi namna gani. Alumini ikigusana na chuma na kukawa na unyevu kidogo wenye chumvi, vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana bawa linaoza pale linapokutana na fayawoli na sio katikati. Toboa kipovu kwa ncha ya kisu: ukikuta unga mweupe mkavu ni hiyo, ukikuta kahawia ni kutu ya chuma upande wa fayawoli, ukikuta maji ni chumvi iliyobaki chini ya rangi ulivyosafisha.

Hamna njia ya kulitibu kwa juu. Fungua bolti, tenganisha bati, sugua unga wote utoke, praima yenye asidi kwenye alumini, dawa ya kutu na praima ya zinki kwenye chuma, na rangi ipigwe nyuso zote mbili zinazogusana kabla ya kuzifunga, kisha weka kitu katikati, ukanda wa mpira mwembamba au silanti isiyogandisha, na washa za plastiki chini ya bolti. Bolti ziwe za zinki. Ukizipiga rangi bolti kichwani, spana ya kwanza tu inachubua na kutu inaanzia hapo, halafu kiwandani hazikuwa hivyo.

Sehemu ya betri ni kesi nyingine. Pale mvuke wa asidi unaanguka miaka yote, na rangi ikipigwa juu ya asidi inainuka ndani ya wiki chache. Changanya baking soda vijiko viwili vikubwa kwa lita ya maji, mwagia, itachemka povu, rudia mpaka isichemke tena, ndo suuza. Povu likiisha ndo umemaliza, sio ukichoka.

RANGI IMELAINIKA CHINI YA MASTA SILINDA

Imekuwa kama ubani uliotafunwa, inasogea kwa kidole, na ni pale kwenye fayawoli chini ya silinda za breki na klachi tu. Hiyo ni breki fluidi, DOT 3 na DOT 4 zote zinayeyusha rangi. Usipige rangi mpaka umebadilisha sili za silinda, maana ukiona fluidi nje ujue na breki zako ziko mashakani. Habari njema ni kwamba fluidi hiyo inatoka kwa maji na sabuni.

RANGI MPYA IMEKUNJAMANA KAMA NGOZI YA MZEE

Unapiga koti la pili, ghafla yote inainuka inajikunja. Chini kuna rangi ya mafuta, ile ya mageti, iliyopakwa kwa brashi miaka ya nyuma. Gari nyingi za huku zilipitia hiyo, hata za serikali zilizouzwa kwa mnada. Thina ya NC inaichemsha. Kabla hujaanza loweka kitambaa kwenye thina ya NC, kibandike juu ya rangi ya zamani dakika moja. Rangi ikiyeyuka ikahamia kwenye kitambaa, ni NC. Ikijikunja, ni ya mafuta, ikwangue yote mpaka bati. Isipofanya chochote ni 2K iliyoiva, hiyo pigia msasa uendelee.

GARI ILIKUWA INAWAKA, BAADA YA RANGI HAIWAKI AU STATA INAGUNA

Hii ikupe moyo, mara nyingi injini haina tatizo lolote. Umepaka rangi kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Series III ina ethi ya hasi, kuna waya mnene kutoka betri kwenda kwenye bodi au chesisi, na kuna mwingine unaounganisha injini na chesisi, kwa sababu injini imekaa juu ya mipira na mipira haipitishi umeme. Ulipokuwa unapendezesha ulifungua huo waya wa injini, tunauita mkanda, ukapiga rangi chini yake, ukafunga juu ya rangi. Rangi ni kizuizi. Stata ikitaka umeme mwingi inakosa njia ya kurudi.

Dalili moja ya hatari: piga stata halafu shika kebo ya choki. Ikiwa ya moto, au umeona moshi unatoka kwenye ganda lake, acha hapo hapo. Umeme wa stata umekosa mkanda wake umeamua kupita kwenye kebo ya choki, na kebo hiyo inaungua mpaka inagandana. Yangu iliungua hivyo asubuhi moja, nilisikia harufu ya plastiki kabla sijaona kitu, nikachomoa betri haraka.

Kupima ni rahisi na mita ya kawaida. Iweke kwenye volti za DC, waya mmoja gusa tamino ya hasi ya betri yenyewe, mwingine gusa chuma kitupu cha bloku, mwambie mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Hapo hamisha ule waya wa pili kutoka bloku kwenda chesisi, kisha bodi, utaona ni kiungo gani kinachopoteza. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae ukubwa wa washa tu, paka vaselini kidogo, funga, na rangi ipitie kwa nje baada ya kufunga. Kama taa zinafifia, au geji ya mafuta na ya joto zinasoma vitu vya ajabu baada ya rangi, sababu ni hiyohiyo.

Kama stata inazunguka kwa nguvu ila haishiki, na umeosha jana, fungua kepu ya distributa, futa maji ndani, kausha waya za plagi. Ikiwaka ikatetemeka cheki waya hujazirudisha kinyume, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ya mbele.

INACHEMKA TANGU ULIPOPENDEZESHA REJETA

Rejeta ni shaba, inatoa joto kwa yale mapezi membamba. Ukiipiga makoti manne ya nyeusi inayong'aa umeivisha koti la baridi. Nyeusi mati, pazia moja jepesi, unapuliza kwa mbali ili rangi isizibe katikati ya mapezi, basi. Angalia pia kama presha ya kuoshea haijalaza mapezi, yanyooshe kwa kisu butu moja moja, ni kazi ya jioni nzima lakini inalipa. Na kumbuka tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, huku maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinakuumiza haraka kuliko kingemuumiza mtu wa Dar. Ndani usiweke maji ya bomba, chokaa ileile ya kwenye birika inajenga ndani ya mabomba, weka kulanti.

MENIFOLDI INATOA MOSHI NA RANGI INAGEUKA KIJIVU

Kwa sababu haikutakiwa kuwa na rangi. Ni chuma cha kusubu, kinapata joto la mamia ya nyuzi, kwa asili kina ile kahawia kavu na ndivyo kilivyo sahihi. Brashi ya waya, toa magamba, mwisho. Ukishindwa kabisa kuvumilia kahawia, tumia rangi ya joto la nyuzi 600 moja kwa moja kwenye chuma bila praima, na uiivishe: washa injini dakika 10, zima ipoe, dakika 20, ipoe, kisha nusu saa. Ukienda moja kwa moja Kongwa siku ya kwanza itabanduka kabla hujafika. Bloku na tapeti kava hazifiki huko, rangi ya injini inayovumilia nyuzi 150 na kuendelea inatosha, ila rangi ya bodi ya kawaida itageuka njano upande wa menifoldi.

RANGI HAIFANANI NA ILE YA ZAMANI

Watu wanachukua sampuli kwenye boneti. Boneti imekaa kwenye jua la Dodoma miaka arobaini, hiyo sio rangi tena. Tafuta mahali jua halijafika: nyuma ya hita, chini ya mpira wa boneti, chini ya mabano ya koili, nyuma ya bati la namba za gari kwenye fayawoli. Pale ukitoa skrubu mbili unakuta kipande kidogo cha rangi kibichi kama kimepigwa jana. Yangu nilivyotoa hita nilikuta kijani kilichokolea kuliko nilichokuwa nakijua tangu utotoni, nilikaa nakiangalia muda mrefu, ndo rangi ambayo baba mdogo aliipokea siku ya kwanza. Kifute kwa maji na sabuni tu, usikipige polishi, na mpelekee mchanganya rangi sehemu yenyewe sio picha ya simu, simu inabadilisha kijani. Kama yako ni ile kijani ya giza, Deep Bronze Green, ina namba kwenye orodha ya Kiingereza BS 381C, ni 224, na duka lenye mashine ya kuchanganya wanaweza kuanzia hapo. Ila bado linganisha na sampuli yako kwenye jua la nje, sio chini ya taa ya duka. Na angalia mng'ao pia, rangi ikiwa sahihi lakini imepigiwa klia juu inaonekana ngeni mara moja, hizi gari zilitoka na rangi tupu bila klia.

Rangi ya injini unaitafuta hivyohivyo, kwangua taratibu nyuma ya alteneta au chini ya mabano ya mguu wa injini, utaona tabaka kwa tabaka, ile ya mwisho kabla ya chuma ndiyo yako. Usifuate ya mtu mwingine, injini nyingi huku zimeshabadilishwa.

Na bati la namba kwenye fayawoli pamoja na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, vifunike kwa tepu kabla hujashika bunduki. Praima na makoti matatu yakijaa kwenye zile herufi zilizogongwa hazisomeki, na siku unataka kubadilisha umiliki au gari ikaguliwe utaambiwa namba imechezewa. Ukikuta zimeshajazwa rangi, usitumie msasa wala grainda, weka kitambaa chenye dawa ya kutoa rangi dakika kumi, kisha mswaki laini, herufi zinarudi zilivyokuwa.